Mwalimu Aliyefundisha Kuanguka

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni kwa wasikilizaji wa Kitale na Bungoma)

Wewe mama unayesikiliza huku unakoroga uji wa watoto, usiache kukoroga. Tutaongea hivyo hivyo.

Watu wa Kitale tumezoea malori. Yanapita mjini kwetu na mizigo yake, yanashika njia ya Kapenguria, yanateremka Marich, yanafika Lodwar na mwisho Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Tunayaona, tunasogea kando yapite, kisha tunaendelea na mambo yetu. Ni mara chache mtu kuuliza hao wanaopelekewa chakula kile ni akina nani, na mikono yao inaweza kazi gani.

Mwaka 2016 ulimwengu uliwaona. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, kule Brazil, iliingia uwanjani kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi. Walikuwa kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma hiyo hiyo, waliofanyishwa mazoezi Ngong na Tegla Loroupe, binti wa Pokot Magharibi, jirani yetu. Habari zao mmekwisha kuzisikia, na nyingi ni njema. Lakini asubuhi ya leo nataka niwaeleze habari za wawili wengine wa timu ile, ambao hawakukimbia mbio. Hao walitoka Bukavu, mashariki ya Kongo, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Mmoja ni Popole Misenga na mwenzake ni Yolande Mabika. Mchezo wao ni judo.

Najua wako waliokwisha kukunja uso. Wazazi wengi wa Kikristo, wakisikia judo au karate, hufikiri ni shule ya ugomvi, au hufikiri kule kuinama mwanzoni ni kuabudu sanamu. Nami nilifikiri hivyo zamani. Kule kuinama ni kumwamkia mwenzako kabla ya kumshika, kama sisi tunavyosimama mgeni anapoingia nyumbani. Na kwa watu wa Bungoma jambo lenyewe si geni tena: Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, alifuzu mashindano ya Rabat, Morocco, mwaka 2020, akaenda Olimpiki za Tokyo katika taekwondo, ambao ni mchezo wa ukoo huo huo. Basi tusiogope jina. Tuangalie kilichomo ndani.

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu wa shule aitwaye Jigoro Kano. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, na alipokuwa kijana shuleni wenzake wenye nguvu walikuwa wakimwonea. Alikwenda kujifunza mieleka ya zamani ya Kijapani ili ajikinge, lakini baadaye akaibadilisha. Aliondoa mbinu za kuumiza, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya pamoja kila siku na wote wawili wakarudi nyumbani wazima. Darasa lake la kwanza lilikuwa chumba cha mikeka kumi na miwili katika hekalu. Alifundisha kwamba mtu asipate faida peke yake, bali mimi na mwenzangu tufaidike pamoja.

Sasa sikilizeni neno hili, maana ndilo linalobeba mazungumzo yetu. Mtu akiingia darasa la judo, somo la kwanza si kumwangusha mtu. Somo la kwanza ni kuanguka. Anafundishwa kukunja shingo ili kichwa kisigonge chini, kujiviringisha kidogo, na kupiga mkeka kwa mkono wake ili kishindo kigawanyike. Anaanguka leo, anaanguka kesho, anaanguka mpaka woga wa kuanguka umtoke. Halafu ndipo anafundishwa kuangusha, na hapo kuna sheria nyingine: unapomwangusha mwenzako usiuachilie mkono wa nguo yake. Unaushika mpaka mwisho, unamvuta kidogo juu, ili afike chini salama. Aliyeangusha ndiye anayebeba dhamana ya aliyeangushwa.

Tuwarudie watoto wa Bukavu. Popole alikuwa mtoto mdogo vita vilipomtenga na jamaa zake. Mama yake aliuawa. Alikaa msituni siku nane kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa, na huko, katika makao ya watoto waliopotezana na wazazi, ndiko alikojifunza judo. Yolande naye alitengwa na jamaa zake angali mdogo, akafikishwa Kinshasa akiwa na kumbukumbu chache mno za kwao. Wote wawili walikuwa na vipaji, wakachaguliwa kuiwakilisha nchi. Lakini wamesimulia wenyewe kwamba huko, mtu akirudi ameshindwa, walimu walimfungia kizuizini siku kadhaa, kwa chakula kidogo tu. Hebu fikirini mtoto wa namna hiyo. Alipoteza nyumba, akapata mkeka. Na juu ya mkeka huo huo kuanguka kukageuka kuwa kosa la kufungiwa.

Mwaka 2013 walipelekwa Rio kwa mashindano ya dunia. Walipofika, wakaona njaa na mateso yale yale yamewafuata hata ng'ambo ya bahari, wakatoroka, wakaomba hifadhi Brazil. Hawakujua Kireno. Popole alipata vibarua vya kupakia mizigo kwenye malori. Yolande alipata kulala nje. Miaka ikapita bila mazoezi.

Ndipo wakaletwa kwa mzee mmoja aitwaye Geraldo Bernardes.

Huyu mzee hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa amewafundisha wachezaji wa taifa la Brazil katika Michezo ya Olimpiki kadhaa, na vijana wake walikuwa wamerudi na medali. Mtu wa namna hiyo, akistaafu, angeweza kuketi akahesabu vikombe vyake, au kufundisha watoto wa matajiri kwa malipo mazuri. Yeye alikwenda Cidade de Deus, mtaa wa maskini unaojulikana kwa bunduki, akatandika mikeka, akawaita watoto wa mtaani. Baadaye kazi hiyo iliunganika na taasisi iitwayo Reação, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Flávio Canto, mchezaji wa judo ambaye alipata medali ya shaba huko Athens mwaka 2004. Mtoto mweusi, mtoto mweupe, wa kike, wa kiume, mwenye viatu na asiye navyo, wote walivaa vazi moja jeupe na kufunga mkanda.

Miongoni mwa watoto wa Cidade de Deus alikuwako msichana mdogo mgomvi sana, Rafaela Silva. Majirani walimwona kero. Mzee Geraldo aliona kwamba ukali ule ungeweza kugeuzwa, akamshika. Msichana akakua, akafika Olimpiki za London mwaka 2012, akaondolewa kwa sababu ya kushika mguu wa mwenzake kinyume cha sheria, na watu wa nchi yake mwenyewe wakamtukana kwa rangi yake, wakamwita nyani. Karibu aache mchezo. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia, na tarehe 8 Agosti 2016, Rio, akaipatia Brazil medali ya dhahabu ya kwanza katika michezo ile.

Hizo ndizo habari zinazopendwa na magazeti, nami sizidharau. Lakini ukitaka kumjua mwalimu, usitazame tu yule aliyepata dhahabu. Mtazame pia yule aliyemletea taabu.

Popole na Yolande walimletea taabu. Mzee amesimulia kwamba mwanzoni walikuwa wakali mno mazoezini. Waliwatupa wenzao kwa nguvu zote, wakawaumiza. Mwalimu mwingine angesema, "Hawa wanaharibu darasa langu, watoto wa watu wataumia, waondoke." Na angekuwa na haki ya kusema hivyo! Mlezi yeyote wa watoto anajua: ukimpokea mmoja anayepiga, unaweza kuwapoteza kumi wasiopiga. Si jambo rahisi, na asiwepo mtu wa kutuambia kwamba ni rahisi.

Lakini mzee alikuwa na macho. Alitambua kwamba mbele yake hawakusimama watu wabaya, walisimama watu waliofundishwa kwamba asiyeshinda anafungiwa. Kwao kila mazoezi yalikuwa vita ya kujiokoa. Basi akawarudisha nyuma kabisa, watu wazima waliokwisha kushindana mashindano ya dunia, akawafundisha upya kwamba mwenzako wa mazoezini si adui, na kwamba hapa ukianguka unainuka, unanyoosha vazi lako, unaanza tena, na jioni unakula chakula kama wengine.

Sisi tuna methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twaitumia upesi sana, tena kwa kisirani, kumsema mtoto wa watu. Lakini yule ambaye mamaye ameuawa, je? Huyo hana budi kufunzwa na ulimwengu. Nasi ndio ulimwengu wenyewe. Sisi wa Kiminini na wa Chwele.

Tarehe 10 Agosti 2016, siku mbili tu baada ya dhahabu ya Rafaela, wale wawili wa Bukavu waliingia uwanjani, na mzee Geraldo ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Alikuwa amepita miaka sabini. Yolande alishindwa upesi katika pambano lake la kwanza na mwanamke wa Israeli. Popole alipambana na Avtar Singh wa India, akamshinda. Ndugu zangu, watu wa Rio walishangilia kana kwamba ni mtoto wao! Pambano lililofuata alikutana na bingwa wa dunia, Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Alijitahidi, watu wakimwimbia, lakini mwishowe akashindwa.

Akaanguka. Na safari hii hakuna aliyemfungia. Aliinuka, akainama kumwamkia aliyemshinda, akatoka nje kwa miguu yake. Miaka mitano baadaye, Tokyo, alikuwa tena katika timu ya wakimbizi, ambayo safari hiyo ilikuwa na wachezaji ishirini na tisa.

Nikisoma habari hii huwa nakumbuka sura ya 9 ya Matendo ya Mitume. Tumezoea kuihubiri kwa ajili ya Sauli, na ile nuru, na ile sauti njiani. Mimi, kadiri ninavyozeeka, namfikiria zaidi Anania. Sauli amefikishwa Dameski kipofu, ameshikwa mkono, siku tatu hali wala hanywi. Huyu ni mtu aliyekuja kuwakamata watu wa kanisa lile lile la Anania. Anania anaambiwa aende kwake, naye hafichi hofu yake. Anajibu wazi kwamba habari za mtu huyu amezisikia, na mabaya aliyoyatenda anayajua. Halafu anakwenda. Anaingia nyumbani, anamwekea mikono, na neno la kwanza analomwambia ni kumwita ndugu. Hamwambii akae nje kwanza mpaka atakapokuwa na adabu. Baadaye Sauli alikula chakula akapata nguvu. Biblia haikutaja nani alikipika, lakini ni lazima katika nyumba ile alikuwako mama aliyekubali kumpikia mtu wa hatari.

Sasa niwaambie kwa nini habari hii inanichoma.

Ninyi nyote mwakumbuka mwaka 2008. Mwakumbuka waliokimbilia Uwanja wa Maonyesho hapa Kitale baada ya ule uchaguzi. Mwakumbuka pia Mlima Elgon, mapigano yaliyoanza mwaka 2006 kwa ajili ya mashamba, na watu walioteremka kutoka Cheptais na Kopsiro, wengine kuja Bungoma, wengine Trans Nzoia, wakiwa na godoro na kuku mmoja. Pande zote zilikuwa na watoto. Watoto hao waliona mambo usiku ambayo sisi tulisimuliwa tu.

Katika darasa la watoto nililokuwa nikifundisha, katika kanisa moja nisilolitaja, alikuja mvulana wa miaka kumi hivi kutoka mlimani. Alikaa na shangazi yake katika chumba cha kupanga. Watu walinong'ona kwamba baba yake alikuwa pamoja na wapiganaji. Wengine walisema aliuawa na hao hao wapiganaji. Mimi sikuuliza. Mvulana yule hakuweza kuguswa. Mwenzake akimgusa bega kwa mchezo tu, yeye alikuwa amekwisha kumrukia. Jumapili moja alimng'ata mtoto mkononi hata damu ikatoka. Wazazi walikuja kwangu wakiwa wamekasirika, nao walikuwa na haki, mtoto wao alikuwa ameumia.

Nikamwambia yule mvulana akae nje mpaka ajifunze adabu. Maneno yangu yalikuwa hayo hayo. Hakuna mzee wa kanisa aliyenituma. Niliyasema mwenyewe, nikafunga mlango kwa mkono huu.

Alikaa nje chini ya mkaratusi. Tukaimba, tukasoma, tukatoka, tukamkuta yuko. Jumapili ya pili akaja tena, akakaa pale pale bila kuambiwa. Ndugu zangu, alikuja! Mtoto asiyetaka kufundishwa hawezi kuja kukaa nje ya mlango uliofungwa. Sikuliona jambo hilo mpaka Jumapili ya tatu, nilipotazama nje na kuona hakuna mtu chini ya mti. Nilikwenda kwenye ile nyumba ya kupanga. Shangazi alikuwa amehama. Mmoja akaniambia wamekwenda Kapsokwony, mwingine akasema Chwele. Niliuliza miezi kadhaa, kisha nikaacha kuuliza.

Kwa hiyo niliposoma habari za yule mzee wa Rio, kuwarudisha kwake watu wakali kwenye somo la kwanza na kusimama karibu nao, sikuwaza michezo. Niliwaza kwamba mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu, si wawili, tena alikuwa mdogo na aliongea lugha ninayoielewa.

Tangu hapo darasa letu lina desturi moja, na nitaieleza kwa sababu baadhi yenu mnafundisha watoto. Mtoto akipiga, hatoki nje. Anakuja kukaa karibu na mwalimu, hata kama ni kwa saa nzima, na yule aliyepigwa anakaa upande wa pili. Mara nyingine darasa linaharibika kabisa na hatumalizi somo. Mara nyingine mzazi anamwondoa mtoto wake, nasi hatumlaumu. Tumempoteza mtoto mmoja hivyo mwaka jana, na inauma. Na mwaka huu tunaye msichana asiyeona, ambaye nilidhani atahitaji kulindwa na wale wagomvi. Kumbe yeye ndiye awezaye kuwatuliza, kwa maana akitaka kusema na mtu humshika mkono kwanza. Baadaye nimesoma kwamba katika judo ya wasioona, ambayo imo katika Michezo ya Paralimpiki tangu Seoul mwaka 1988, pambano huanza wachezaji wakiwa wamekwisha kushikana. Nilicheka peke yangu.

Muda wetu unakaribia kwisha, nami nimebakiza neno moja, si la wote.

Ni lako wewe, kijana uliyekaa chini ya mkaratusi. Sasa u mtu mzima, huenda una watoto. Huenda uko Kapsokwony au Chwele, huenda unaendesha pikipiki hapa hapa Kitale na redio hii iko kibandani unaponunua chai. Jina lako ninalikumbuka, lakini sitalitaja hewani. Nilikukosea. Darasa bado linaanza saa tatu asubuhi kila Jumapili, mahali pale pale, na mti bado upo. Mlango hauna tena komeo, niliuondolea mwenyewe. Ukipita, ingia.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo.